Mama siyo mvivu: historia ya uchovu ambao madaktari walichelewa kuuona

SEHEMU YA 1: Tenga la peasi

Mama wenzangu, dada zangu, na nyie akina baba wachache mnaosoma kimya kimya. Tulizoea kuongea homa za watoto, chanjo na lishe. Leo naanza mada ndefu, nitaiweka kwa sehemu tano, moja chini ya nyingine, usome ukiwa unanyonyesha au unasubiri maharage yaive. Inahusu wazee wetu, lakini inakuhusu na wewe, kwa sababu wewe ndiye unayeishi nao. Na kuna neno moja nililisema mimi, nesi mzima, ambalo sitaki ulirudie.

Anayeijua Mombo anaijua stendi yetu. Basi la Dar au la Arusha likisimama, wauzaji wanakimbilia madirishani na vikapu juu ya vichwa. Peasi, maparachichi, karoti, vyote vimeshuka na magari asubuhi kutoka Lushoto kwa ile barabara ya kona ya Soni. Mama yangu alikuwa mmoja wa wale wakimbiaji. Ametusomesha kwa hilo tenga. Ada yangu ya chuo cha uuguzi ilipita kwenye madirisha ya mabasi.

Sasa ikafika siku akawa hakimbii tena. Basi linasimama, wenzake wanaenda, yeye bado ananyanyuka kwenye kigoda. Akifika, konda ameshagonga bodi, gari linaondoka. Nyumbani akawa anaanza kufagia uwanja, anafika nusu, anakaa kwenye kizingiti na ufagio mkononi. Nikimuuliza anaumwa wapi, anasema, "Siumwi mwanangu. Nimechoka tu." Umefanya nini mpaka uchoke? "Sijafanya kitu. Nimeamka nimechoka."

Nilimpima malaria, hana. Nilimpima wingi wa damu, iko vizuri. Sukari na presha, vizuri. Basi mimi nesi, ninayewahubiria watu kila siku wasiwahukumu wagonjwa, nikamwambia mama yangu mbele ya wajukuu zake: "Mama, umezoea kukaa. Huo ni uvivu."

Hakunijibu. Aliangalia chini, akasimama, akamalizia kufagia. Alitumia karibu saa nzima kwa uwanja mdogo kama ule.

Kilichonishtua miezi kadhaa baadaye kilikuwa daftari la kikoba. Mama alikuwa katibu wa kikoba chao tangu mimi nikiwa sekondari, mwandiko wake mkubwa wa duara unamjua kila mtu. Mwenyekiti wao aliniletea daftari akaniambia, "Nesi, hebu soma hapa, sisi tumeshindwa." Nikafungua kurasa za mwaka juzi, mwandiko mzuri. Mwaka jana, umepungua. Za mwezi ule, herufi zimekuwa ndogo kama sisimizi, na kila mstari unaanza mkubwa unaishia mdogo zaidi.

Hapo ndipo nilipokumbuka somo la darasani ambalo sikuwahi kulitumia. Mwandiko unaosinyaa. Mkono mmoja usiocheza mtu akitembea. Uso usiocheka hata kama moyo unacheka. Mama hakuwa anatetemeka hata kidogo, ndiyo maana sikufikiria kabisa. Tulikwenda hospitali, daktari akamwambia agongeshe vidole, atembee, ageuke, aandike jina lake. Akasema: ni ugonjwa wa Parkinson.

Usiku ule sikulala. Nikaanza kusoma. Na nilichokikuta ni kwamba kosa langu lina historia ndefu. Madaktari wakubwa wa dunia walipita njia ile ile kwa zaidi ya miaka 170. Waliona kinachoonekana, wakaacha kile ambacho mgonjwa anakisema. Hiyo ndiyo historia ninayotaka kukupa.


SEHEMU YA 2: Mtunza bustani wa London

Twende mwaka 1817, London. Kuna daktari anaitwa James Parkinson, anatibu watu wa kawaida kwenye mtaa wa Hoxton. Mwaka huo alichapisha kitabu kidogo kuhusu ugonjwa alioupa jina la kupooza kwa kutetemeka. Ndani yake kuna wagonjwa sita tu, wote wanaume. Na cha ajabu, wawili kati yao alikutana nao njiani akawasimamisha akawauliza maswali. Mmoja alimwona kwa mbali tu, hakuwahi hata kuongea naye.

Sikia hiyo vizuri. Ugonjwa huu uliingia kwenye vitabu kwa macho. Ulikuwa ugonjwa wa kutazama mtu barabarani: anavyoinama, anavyotetemeka, anavyokimbia hatua fupi fupi kama anataka kuanguka mbele. Uchovu huwezi kuuona kwa mbali. Lazima ukae na mtu, umuulize, halafu umwamini.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mtunza bustani, mtu wa miaka zaidi ya 50, mwenye maisha ya kiasi. Mkono wa kushoto ulianza kutetemeka kidogo. Yeye mwenyewe alidhani ni kwa sababu siku kadhaa alifanya kazi nzito iliyoutumikisha mkono ule. Yaani alifanya kile ambacho mkulima yeyote wa hapa kwetu angefanya: mwili umebadilika, unasingizia jembe. Ni kazi tu, nitapumzika, itaisha. Haikuisha.

Miaka hamsini hivi baadaye, mjini Paris, daktari Jean-Martin Charcot alikuwa anafanya kazi kwenye hospitali kubwa ya Salpêtrière, iliyojaa wanawake, wengi wao wazee na maskini. Huyu alikuwa na nafasi ambayo Parkinson hakuwa nayo: aliwaona wagonjwa wale wale mwaka hadi mwaka. Akagundua kwamba jina la "kupooza kwa kutetemeka" linadanganya. Si wote wanaotetemeka, na wala hawajapooza, nguvu bado wanayo. Akapendekeza uitwe ugonjwa wa Parkinson, na jina hilo ndilo tunalo mpaka leo.

Mama unayesoma, hapo pa kutotetemeka pawekee alama. Karibu wagonjwa 3 kati ya 10 hawana mtetemeko ugonjwa unapoanza. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Ukisubiri mkono utetemeke ndiyo ushtuke, unaweza kusubiri mpaka mzee ameanguka na kuvunjika nyonga.

Charcot aliandika pia kwamba wagonjwa wake walilalamika kuhusu kuishiwa nguvu na kuchoka. Kwa hiyo neno lilisemwa. Lakini lilipita kama mgeni wa pembeni kwenye harusi, kila mtu alikuwa anamwangalia bwana harusi, yaani mtetemeko.

Kuna kisa kimoja nakipenda. Wagonjwa wa Charcot walimwambia kwamba wakisafiri safari ndefu kwa treni au gari la farasi wanashuka wakiwa na nafuu, mwili umelegea. Akasikiliza. Akatengeneza kiti cha umeme kinachomtikisa mgonjwa kama yuko kwenye behewa, na mwaka 1892 akakieleza kwenye mhadhara. Wakati huo huo huku kwetu Wajerumani walikuwa wanaanza kujenga reli kutoka Tanga, ile iliyofika Mombo mwaka 1905. Nikipita pale stesheni yetu huwa nawaza, mama angekuwa Paris enzi zile wangempandisha kwenye kile kiti. Kiti chenyewe hakikuponya ugonjwa. Ila angalau mtu aliuliza wagonjwa wanajisikiaje, akasikiliza jibu.


SEHEMU YA 3: Sungura, upupu na dawa iliyoamsha watu

Wengi mmeniandikia mnauliza: sasa ndani ya mwili kinatokea nini? Nitaeleza kwa lugha ya jikoni.

Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kitu kinaitwa dopamini. Ni kama mafuta ya mashine: ubongo ukisema "nyanyuka", dopamini inasaidia amri hiyo ifike bila kukwama. Kwenye Parkinson seli hizo zinakufa taratibu kwa miaka. Amri inatoka, inachelewa. Mwili unakakamaa, hatua zinafupika, uso unaganda.

Hilo lilijulikana juzi tu. Mwaka 1957 mtafiti wa Sweden, Arvid Carlsson, aliwapa sungura dawa iliyowafanya walale chini kama wamelewa, masikio yameanguka. Kisha akawachoma levodopa, kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa dopamini. Sungura wakaamka. Mwaka 1960 kule Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima ubongo wa watu waliofariki wakiwa na Parkinson, wakakuta dopamini imepungua sana. Mwaka 1961 wagonjwa wa kwanza Vienna wakachomwa levodopa. Mwaka 1967 George Cotzias, Marekani, akaonyesha kwamba ukianza na kidogo na kupandisha polepole, mgonjwa anaweza kumeza kila siku akafaidika kwa muda mrefu. Watu waliokuwa wamekaa miaka kwenye viti walisimama wakatembea.

Na levodopa yenyewe ilitokea wapi? Hapa mtacheka. Mwaka 1913 mwanakemia Marcus Guggenheim aliitoa kwenye maharage fulani ya Ulaya, akajaribu kuimeza mwenyewe, akatapika vibaya. Na mwaka 1937 watafiti wa India waliikuta kwenye mbegu za upupu. Ndiyo, upupu huu huu unaoujua, ule watoto wakorofi wanaoupaka kwenye madawati ya wenzao. Kabla haujacheka sana, nisikilize: USIMCHEMSHIE mzee mbegu za upupu. Kiasi cha dawa kinatofautiana mbegu hadi mbegu, unaweza kumzidishia akaanza kuona vitu visivyokuwepo, au presha ikashuka akaanguka. Akiwa tayari anameza vidonge vya hospitali, hatari ni mbili kwa mpigo.

Turudi kwenye uchovu. Levodopa ilipokuja, kila mtu alifurahi, na kweli ilikuwa ya kufurahiwa. Mwendo umefunguka, mikono imelainika. Daktari anampima mgonjwa, anaona anatembea vizuri, anaandika: anaendelea vizuri. Mgonjwa anarudi nyumbani anakaa kwenye kizingiti na ufagio mkononi.

Ikabidi ifike mwaka 1993, nakurudia, 1993, mimi na wewe wengine tumeshazaliwa, ndipo timu moja ya Marekani na nyingine ya Uholanzi zikachapisha tafiti zilizouliza wagonjwa moja kwa moja kuhusu uchovu. Majibu yalikuwa wazi. Tukijumlisha na tafiti zilizofuata, karibu nusu ya watu wenye Parkinson wana uchovu huu, na kama theluthi moja walioulizwa walisema ndiyo dalili inayowasumbua kuliko zote, kuliko hata mtetemeko. Mwaka 2008 ukatoka utafiti wa wagonjwa wapya ambao hawajaanza dawa: zaidi ya theluthi moja walikuwa tayari wana uchovu. Hawakuwa wamechoshwa na vidonge. Uchovu ulikuja na ugonjwa. Na waliopewa levodopa uchovu wao haukuongezeka kwa kasi kama wa wale waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani.

Kwa wanaopenda ngumi: Muhammad Ali alikuja Dar es Salaam Februari 1980, watu wakajaa kumwona. Mwaka 1984, akiwa na miaka 42, alilazwa New York akilalamika ulimi mzito, mikono kutetemeka, na uchovu. Mtu aliyepigana raundi 15 anakwambia amechoka. Je, na yeye tungemwita mvivu?


SEHEMU YA 4: Nyumba kwa nyumba kule Hai

Sasa utasema, nesi, hizo ni habari za Ulaya. Panda basi hapa Mombo kuelekea Arusha. Unapita Same, unapita Mwanga, unapita Moshi, unafika Boma Ng'ombe. Hapo ndipo makao makuu ya wilaya ya Hai, na hapo pana historia ambayo kila Mtanzania anatakiwa kuijua.

Katikati ya miaka ya 2000, timu ya watafiti wa Tanzania na Uingereza, wakiwemo daktari Catherine Dotchin na daktari Richard Walker, walitaka kujua watu wangapi vijijini wana Parkinson. Hawakukaa hospitali kusubiri wagonjwa. Walipita nyumba kwa nyumba, eneo lenye watu 161,071, wahesabuji wakiuliza maswali mlangoni, na waliotiliwa shaka wakapimwa na daktari.

Walipata wagonjwa 33. Wanaume 23, wanawake 10. Unaweza kusema ni wachache. Lakini tega sikio kwenye namba inayofuata: asilimia 78 kati yao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huu. Karibu wanane kati ya kumi. Walikuwa wapi? Nyumbani. Kwenye kigoda. Wanaitwa wazee waliochoka, wanaitwa wamelogwa, pengine na nesi mwenye haraka kama mimi wanaitwa wavivu.

Mwaka 2011 ukachapishwa utafiti mwingine wa huko huko Hai, ulioongozwa na Gerry Mshana. Huu ulikuwa wa kukaa na kusikiliza: wagonjwa, wanaowauguza, na waganga wa jadi. Wenyeji waliuita ugonjwa wa kutetemeka. Wapo waliouhusisha na uzee, wapo waliouhusisha na uchawi. Na aibu ilikuwa kubwa, mtu anaacha kwenda mbele za watu kwa sababu mikono inamwaga chai.

Angalia tena lile jina. Ugonjwa wa kutetemeka. London 1817, Hai miaka karibu 200 baadaye, watu wasiojuana kabisa wameupa jina lile lile, kwa sababu jicho la binadamu ni lile lile. Na mwanamke asiyetetemeka, mwenye uchovu na mwandiko wa sisimizi, hana jina kabisa.

Lakini Hai haikuishia kwenye kuhesabu. Wagonjwa walioanzishiwa levodopa na kabidopa walifuatiliwa miaka mitatu. Kabidopa ni ile inayozuia dawa isiharibikie njiani kabla ya kufika kwenye ubongo, na inapunguza kile kichefuchefu kilichomtapisha mzee Guggenheim. Kukawa na jaribio jingine ambalo nalipenda kwa sababu halihitaji duka la dawa: wagonjwa ambao hawajaanza dawa walifundishwa kutembea kwa kufuata mdundo. Mlio unagonga, mguu unakanyaga. Mwendo wao uliboreka. Ubongo uliokwama kwenye amri ya ndani unashika amri ya nje.

Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu, kwa sababu mama yangu amekulia kwenye ngoma. Nikamwambia, "Mama, ukikwama mlangoni, imba." Akaniangalia kama mimi ndiye mgonjwa. Siku hizi anahesabu kimoyomoyo, moja mbili, moja mbili, anapita.


SEHEMU YA 5: Nyumbani kwako

Hii ndiyo ya mwisho, na ndiyo nataka uihifadhi.

Kwanza, uchovu wa Parkinson ukoje? Siyo usingizi, maana anaweza kulala usiku kucha akaamka amechoka. Siyo kukosa nguvu ya misuli, maana ukimwambia akushike mkono anaubana kweli. Mama aliniambia hivi: "Ni kama nimeamka nimebebeshwa tenga lililojaa, na hakuna wa kunitua." Sijapata maelezo bora kuliko hayo kwenye kitabu chochote.

Pili, usimpe mtu Parkinson kwa kusoma posti yangu. Mzee akichoka bila sababu mpeleke kituo cha afya. Upungufu wa damu, malaria, kisukari, moyo, tezi ya shingoni na sonona vyote vinachosha, na vingi vina tiba. Ila ukienda, mwambie mhudumu na haya kama umeyaona: mwandiko umesinyaa, mkono mmoja hauchezi akitembea, hanusi harufu kama zamani, choo kigumu cha muda mrefu, anapiga kelele na kurusha mikono usingizini, sauti imepungua, anageuka kwa hatua nyingi. Andika kwenye karatasi uende nayo. Sisi manesi tuna foleni, karatasi inatusaidia. Omba rufaa ikibidi.

Tatu, akishaanzishiwa dawa. Saa ya dawa ni saa ya dawa, siyo "baada ya kuosha vyombo". Nyama, maharage na maziwa mengi kwa wakati mmoja na kidonge vinaweza kuzuia dawa isifanye kazi vizuri, kwa hiyo muulize daktari namna ya kupanga milo, usimnyime chakula. Dawa isikatwe ghafla hata siku moja, kwa sababu mwili unaweza kukakamaa na homa ikapanda mpaka kuhatarisha maisha. Na akienda kutibiwa kutapika, sema mapema kwamba ana Parkinson, maana sindano ya metoklopramidi inayotumika sana inaweza kumzidishia ugonjwa.

Nne, uchovu wenyewe. Mwache achague kazi mbili za siku anazozipenda, azifanye saa ambayo dawa imekolea. Kazi iliyobaki ni yako au isubiri. Apumzike kabla hajachoka, siyo baada. Na asikae siku nzima: kutembea kidogo kila siku kunapunguza uchovu, hata kama inaonekana kinyume. Hapa kwetu Mombo joto linajulikana, na dawa hizi zinaweza kushusha presha mtu akisimama. Maji ya kunywa yawe karibu, na asimame polepole, akae kwanza kitandani, ndiyo anyanyuke.

Tano, watoto. Hii ni yenu mama zangu wenye wadogo. Mwanangu wa miaka minne aliniuliza, "Mama, bibi ananichukia?" Kwa nini? "Hacheki." Uso wa Parkinson unaganda, na mtoto anausoma uso kabla ya maneno. Nikamweleza kwamba uso wa bibi umechoka lakini moyo wa bibi unacheka, ukitaka kujua mshike mkono. Sasa anaenda anamshika mkono anamuuliza, "Bibi, unacheka?" Bibi anambana vidole mara mbili. Ndiyo alama yao.

Wengi wetu tunawaachia bibi watoto tukienda kazini. Hebu mwangalie vizuri bibi huyo wiki hii. Kama anashindwa kumbeba mtoto mgongoni kama mwaka jana, usinune. Muulize amechoka vipi, tangu lini, na saa ngapi inakuwa mbaya zaidi. Halafu nyamaza umsikilize.

Mimi nilimwomba mama msamaha. Ilinichukua muda, kwa sababu ni rahisi kumbadilishia mtu dawa kuliko kumwambia umekosea. Nilimkuta jikoni anachambua mchele, nikamwambia, mama, siku ile mbele ya watoto nilikosea, haukuwa uvivu. Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Nilijua siyo uvivu. Ila uliposema wewe, nesi, nikaanza kujishuku mwenyewe."

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, na ndiyo sababu ya posti zote hizi.

Bado anauza. Anakaa stendi kuanzia saa moja mpaka saa nne asubuhi, dawa ikiwa imekolea. Hakimbilii mabasi. Ameweka meza karibu na wanaposhuka abiria kuchimba dawa, wao ndio wanamfuata. Daftari la kikoba amelikabidhi kwa mwingine, lakini wakihesabu hela bado wanamwita asimamie. Ukipita Mombo asubuhi ukamwona mama ameketi na peasi, uso umetulia haucheki, usidhani amekununia. Nunua hata za elfu moja, msalimie, na umpe muda wa kukurudishia chenji.

Swali lako andika hapo chini. Kama kuna mwenzako mwenye mzee nyumbani "aliyezoea kukaa", mtumie hii. Wiki ijayo tunarudi kwa watoto: degedege na homa ya usiku. Usiku mwema.